Kama vyote vilibanana, mbona havikuwa shimo jeusi?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: kama mwanzoni kila kilichomo ulimwenguni kilikuwa kimebanana, mbona hakikugeuka shimo jeusi kikabaki humo humo? Swali zuri, na wengi hawafiki hapo.

Tuanze na shimo lenyewe. Ukilibana Jua mpaka kutoka katikati hadi ukingoni zibaki kilomita 3 tu, hata mwanga hautatoka. Lakini halitafyonza kila kitu, kama filamu zinavyopenda kutuonyesha. Dunia ingeendelea kulizunguka vilevile, ila gizani na kwa baridi kali.

Sasa angalia: shimo jeusi lina nje yake. Lile la katikati ya galaksi yetu, lenye uzito wa Jua mara milioni 4 hivi, nyota zinalizunguka kabisa, na wanaastronomia wamezifuatilia kwa miaka. Vitu huanguka kuelekea hapo kwa sababu uzito umerundikana hapo kuliko kando yake.

Ulimwengu mchanga haukuwa na "hapo". Miaka bilioni 13.8 iliyopita msongamano ulikuwa kila mahali, karibu sawasawa, huku kila sehemu ikienda mbali na nyingine kwa kasi. Pasipokuwa na katikati, vitu vingeangukia wapi?

Usawa huo si wa kudhania. Mwaka 1964 wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson walisumbuliwa na mvumo katika antena yao ya redio kule New Jersey, Marekani. Waliwashuku hata njiwa waliokuwa wameweka kiota ndani. Wakawaondoa, wakasafisha kinyesi chao, na mvumo ukabaki, usiku na mchana, popote walipoielekeza antena. Kumbe mvumo huo ulitokana na joto lililosalia tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, ambalo sasa limepoa hadi nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba joto la upande mmoja wa anga hutofautiana na la mwingine kwa takriban sehemu 1 kati ya 100,000.

Kitofauti hicho kidogo ndicho kilichofanya kazi yote. Palipozidi uzito kidogo pakavuta zaidi, gesi ikajikusanya, nyota zikawaka. Nyota kubwa zilipoishiwa na nishati, viini vyao vikaporomoka, na hapo ndipo mashimo meusi ya aina hiyo yalipozaliwa. Kwa hiyo hayo ni wajukuu wa ule msongamano, wala si mama yake.

Wapo wanafizikia wanaokisia kwamba ulimwengu wetu umo ndani ya shimo jeusi la ulimwengu mwingine. Mimi nitawaamini siku watakaponionyesha cha kupima.

Baba yako