Mofini si adui wa mwenye porfiria

SWALI: Mke wangu ana porfiria kali ya vipindi, aliyoirithi upande wa mamake. Atapasuliwa mawe ya nyongo hapa Kisumu. Jamaa wanashikilia kwamba akidungwa mofini atapooza. Ni kweli? – Baba Otis, Kondele

JIBU: La, Baba Otis. Inayojulikana kuwapoozesha wagonjwa hawa ni thiopentoni, dawa ya nusukaputi ya jamii ya fenobabitoni. Huliamsha ini litengeneze hemu, ile rangi nyekundu ya damu. Porfiria ya mkeo ni hii: kimeng'enya kimoja cha kazi hiyo kina nusu tu ya nguvu, hivyo malighafi hurundikana na neva huumia: tumbo kwanza, kisha mikono na miguu, mwisho misuli ya kupumulia. Mofini na fentanili, dawa nyingine kali ya maumivu, haziliamshi ini hivyo. Tena mofini ndiyo hutuliza maumivu ya shambulio lenyewe la porfiria.

Mwambieni daktari wa nusukaputi mapema. Kumlaza atatumia propofoli; aepuke thiopentoni, etomideti na pentazosini. Hiyo ya mwisho huponyoka wengi kwa sababu ni binamu wa mofini.

Linalosahaulika ni njaa, nayo pia huchochea shambulio. Ombeni awe wa kwanza asubuhi. Chakula kikomee muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji ya sukari yaruhusiwe hadi muda wa saa 2 kabla. Zamu ikichelewa, atundikiwe dripu ya glukosi ya asilimia 10 (lita moja ina gramu 100), yenye chumvi ndani. Glukosi tupu kwa wingi hushusha sodiamu, na sodiamu ikishuka sana huja degedege.

Baada ya upasuaji, mofini itolewe mshipani miligramu 1 hadi 2, irudiwe mpaka maumivu yatulie, huku muuguzi akihesabu pumzi. Zikishuka chini ya 10 kwa dakika na haamki akiitwa, apewe oksijeni na naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya mofini. Kwake naloksoni haina neno.

Hapa ndipo pa kutatanisha: mofini hufunga choo, shambulio nalo hufunga choo. Tumbo likizidi kuuma na moyo ukienda mbio, wasiongeze mofini tu. Mkojo upelekwe maabara kupimwa porfobilinojeni, mojawapo ya malighafi zile za hemu, chupa ikiwa imefungwa kwa karatasi ya alumini (foili), maana mwanga huiharibu. Mkojo wa shambulio ukiachwa dirishani huiva kama chai ya rangi.

Na huko kwetu kwenye mbu wengi, asipewe vidonge vya malaria vyenye salfa, wala Septrin.