Usiunganishe ndege ya Mafia na ya nyumbani siku moja

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kutoka kisiwa cha Mafia asubuhi na kupanda ndege ya nyumbani usiku uleule Dar. Usithubutu, lala Dar usiku mmoja. Desemba iliyopita tulikaa masaa matano uwanja wa ndege wa Kilindoni, hukohuko Mafia, mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani, mwanangu kalalia begi lenye mchanga wa ufukwe wa Utende. Ndege zenyewe ndogo, hali ya hewa ikiharibika mnasubiri tu. Boti ya kwenda Nyamisati, bandari ya upande wa bara, ipo, ila ukishuka bado una safari ya gari hadi Dar. Papa potwe, wale papa wakubwa sana, waone siku za mwanzo, maana bahari huchafuka na huenda ukalazimika kujaribu tena. Siku ya mwisho vuka hadi kisiwa kidogo cha Chole, ukatazame magofu na wale popo wakubwa.