Mtani Hujibu: Kwa Wewe Unayetoka Jukwaani Kwenda Kufundisha Maofisini

Tangu watu wajue kwamba niliacha maigizo na sasa nalipwa kufundisha wafanyakazi namna ya kuongea, vijana wa jukwaani hawaishi kunitafuta. Tunakaa mgahawani karibu na Mnara wa Saa, Arusha, mtu anaagiza chai ya maziwa na chapati mbili, halafu: "Kaka, naanzaje?" Wengi wanataka niwape vichekesho vyangu. Chukueni tu, vimeshachakaa. Kinachonisumbua ni nani anachekwa.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza niliitwa Moshi kufundisha wafanyakazi wa ofisi moja, kama thelathini hivi. Kipindi changu kikaangukia baada ya pilau. Macho yanafumba, mmoja ameshaanza kukoroma. Nikatoa dawa nisiyoijua ikikosa: Mchaga na Mpare. Mimi ni Mchaga wa Marangu, nikamgeukia mhasibu, mama wa Kipare, nikapiga ile ya Mpare aliyeuza ng'ombe apate pesa za kesi ya kuku. Ukumbi ukapasuka. Bosi alicheka hadi akavua miwani. Mama naye alicheka, ila kwa meno tu.

Jioni nakusanya karatasi, akanisogelea. "Mwanangu, utani naujua, nimeolewa Machame. Shemeji zangu wakinitania nawarudishia palepale. Sasa yule bosi nitamrudishia nini? Kesho nikimdai risiti ya mafuta, ataniambia nina kesi ya kuku."

Niliporudi mwezi uliofuata, jina lilikuwa limeshamganda: Mama Kuku.

Nimekulia ndani ya utani, na jambo hilo sikuwahi kuliona. Mtani anaweza kuja msibani kwako akazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, nawe unacheka huku unalia, kwa sababu siku ya msiba wake zamu ni yako. Ofisini kuna cheo, na zamu ya mdogo haifiki. Siku hizi kabla sijamtania mtu najiuliza: huyu anaweza kunijibu mbele ya hawa wote na kesho akakuta kiti chake? Kama hawezi, najitania mwenyewe. Nina kipara na nimewahi kusahau maneno yangu yote jukwaani; mtaji haupungui.

Zoezi ninalolipenda ni kubadilishana vyeo. Kampuni moja ya utalii hapa Arusha, nilimfanya meneja wa safari awe dereva aliyekwama porini, na dereva mmoja, chalii mkimya sana, awe meneja. Chalii akaazima miwani, akapanga simu mbili mezani. "Dereva" akaita kwa redio ya gari: "Bosi, springi imekatika, nina wageni wanne." Chalii, macho yake kwenye simu: "Nitumie picha." "Bosi, huku hakuna mtandao." "Sawa. Nitumie picha."

Watu waligaragara. Meneja ndiye aliyechelewa kunyamaza, maana neno ni lake.

Hapo nikasimamisha igizo nikauliza nani angejibu vingine. Njia hii ilienezwa na Mbrazili Augusto Boal: mtazamaji anaingia kati, anachukua nafasi, hadithi inageuka. Dada wa mapokezi akakaa kwenye kile kiti, akashika redio: "Wageni wako salama? Maji mnayo?" Sikuwa na cha kuongeza, nikawaruhusu wakanywe chai.

Ila usilifanye zoezi hilo bila kukaa na bosi jana yake na kumwuliza waziwazi kama atavumilia kuigizwa. Akisitasita, achana nalo. Wewe utakuwa umeshaondoka. Atakayelipa Jumatatu ni yule chalii.

Mengine ni madogo. Sauti ya jukwaani kwenye chumba cha watu kumi na tano ni kelele. Kunyamaza baada ya kuuliza swali kunauma, lakini vumilia, wataongea. Kampuni za utalii zifuate wakati wa masika, Aprili na Mei, magari yakiwa yamelala. Ukienda Julai hata mlinzi hana muda na wewe. Na nusu ya malipo ichukue kabla.

Mama Kuku nilimwomba radhi faragha, akasema ameshasamehe. Bosi wake bado anamwita hivyo, sikuweza kulifuta. Ila mara ya tatu nilipokwenda nilimwomba yule mama anirudishie mbele ya wote. Akasimama polepole, akafungua pochi, akasema Wachaga wakifa hawapimwi na daktari. Nikajua inakoelekea, nikajikaza nisitikisike. Akadondosha sarafu ya mia tano sakafuni, nyuma yangu.

Niligeuka.