Maswali ya wasomaji: potwe wa Mafia, uduvi wa Tanga, na bahari ya Oman inayowaka usiku

Safari hii barua za bahari zimekuja nyingi, nadhani ni kwa vile kusi, ule upepo wa katikati ya mwaka, inaishia na watu wameanza kuona maji yanatulia. Nimezijibu pamoja maana ukiziangalia vizuri zote zinaulizia kitu kimoja, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini ambavyo wavuvi wengi wanaviita wadudu wa bahari na wataalamu wanaviita zuplanktoni.

Salaam alaikum mwalimu. Mimi mvuvi hapa Kilindoni, Mafia. Potwe tunaanza kuwaona Oktoba hivi, ikishafika Machi hawaonekani tena. Wageni wanaambiwa wamehamia mbali, wazee wetu wanasema wapo tu. Nani mkweli?
*Mvuvi, Mafia*

Waalaikum salaam kaka. Wazee wako sawa kabisa na nafurahi sana kulisema hili. Kuna watafiti waliwafunga potwe wa Mafia vifaa vidogo vinavyotoa mlio, afu wakatega vipokea mlio chini ya maji kuzunguka hapo kwenu, wakawafuatilia kusi na kaskazi, yani na ule msimu wa upepo wa mwisho na mwanzo wa mwaka. Wakakuta potwe wengi hawaendi popote pa mbali, wanabaki maji ya Mafia mwaka mzima, ila miezi ya kusi wanasogea nje kidogo na kukaa chini zaidi ndo maana macho hayawaoni. Wengi wao ni madume machanga ambayo bado hayajakomaa, yani ghuba yenu ni kama malisho ya vijana.

Sasa wanafuata nini pale karibu na pwani? Chakula tu. Potwe ni samaki mkubwa kuliko wote duniani lakini anakula kwa kuchuja maji, na walipochota maji pale anapokula, kitu kilichojaa zaidi kilikuwa vikamba vidogo vyembamba vinavyopitisha mwanga, jamii moja na uduvi. Msimu wa kaskazi hivi vikamba vinajazana ghubani, potwe anapita juu juu mdomo wazi, na vibua na dagaa nao wanafuata mlo uleule, ndo maana nyinyi mkiona potwe mnajua samaki wapo. Hapo naomba kitu kimoja kaka yangu, akinasa kwenye nyavu zenu za kuzungushia mshusheni nyavu upande mmoja atoke mwenyewe, msimvute mkia wala msimfunge kamba, maana yule ndo anawaonyesha chakula kilipo.

Mwalimu hivi uduvi ni watoto wa kamba? Mume wangu anasema wakiachwa wakue watakuwa kamba wakubwa.
*Mama wa watatu, Tanga*

Hapana mama, uduvi ni mkubwa tayari, hapo ndo amefika mwisho wake. Ni mdudu wa kuelea haswa, kwa hiyo kila ukipika uduvi na nazi umepika zuplanktoni. Lakini mumeo kuna pahali anagusa ukweli, kwa sababu ukivua uduvi kwa chandarua kule mikokoni, ndani ya kile chandarua huwa wamo pia watoto halisi wa kamba, wa kaa, wa samaki ambao kwa wiki chache za mwanzo wa maisha yao nao wanaelea tu kama uduvi. Hao wakishaanikwa pamoja na uduvi hawarudi tena. Inaniuma sana hii, maana mama anayeanika anadhani ameanika uduvi mtupu.

Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo mwaka wa tatu nipo Mombasa, naandaa mradi wa zuplanktoni za Tudor. Vitabu vingine vinasema wanaongezeka wakati wa mvua, vingine vinasema kaskazi wakati maji yametulia. Nimechanganyikiwa nianzie wapi.
*Mwanafunzi, Mombasa*

Marahaba mwanangu. Usichanganyikiwe, wote wanasema kweli ila kila mmoja amesimama pahali pake. Anayesema mvua amesimama ndani ya mkono wa bahari kama Tudor. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, walivuta nyavu humo miaka ya 1980 wakaona kopepodi, wale wadudu wa kama milimita moja ambao ndo wengi kuliko wote, wanaongezeka miezi ya mvua. Sababu iko wazi, masika ikinyesha maji yanashuka na mbolea ya ardhini na takataka za mikokoni, vimea vidogo vinavyoelea vinakula vinanenepa, afu kopepodi wanakuja kula vimea. Wakati huohuo chumvi inapungua, kwa hiyo wale wa bahari kuu wasiopenda maji matamu wanapungua na wale wavumilivu wa mikono ya bahari wanashika nafasi. Kwa hiyo usihesabu idadi tu, angalia na nani yupo nani hayupo. Mimi naona hapo ndo utamu wa kazi yenyewe ulipo na wanafunzi wengi wanapapita haraka.

Anayesema kaskazi amesimama nje, maji ya wazi. Mkondo wetu wa pwani unakwenda kaskazini mwaka mzima, kusi inausukuma unakimbia kweli, upepo wa kaskazi unaukabili unapunguza mwendo. Kusi maji ni ya baridi kidogo, yamevurugika, mawimbi makubwa, kaskazi jua kali, maji ya moto yanatulia juu. Ndo miezi utaona juu ya maji kitu kama unga wa mbao wa rangi ya kahawia, watu wanadhani ni uchafu wa meli kumbe ni vijimea vya Trichodesmium, ambavyo vinaweza kuchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea, kwa hiyo hata bila mto wala mvua bahari inapata kitu.

Sasa ushauri wangu wa kazi na naomba unisikilize vizuri, maana nimeona miradi mizuri ikiharibika hapa. Wadudu wengi wa hawa mchana wanashuka chini kukimbia kuonwa na samaki, usiku wanapanda juu kula. Ukivuta wavu Aprili saa nne asubuhi, afu Januari ukavuta saa mbili usiku, utapata tofauti kubwa ukaandika ni msimu kumbe ni saa. Mwezi nao una kazi yake, wavuvi wa dagaa wanaotumia taa wanajua kwamba mbalamwezi taa haivuti kitu ndo maana wanasubiri giza, na kaa wengi wa mikokoni wanaachia watoto wao kwenye bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, ili maji yakitoka kwa nguvu yawatoe nje, kwa hiyo siku ya bamvua wavu wako utajaa watoto wa kaa na siku ya maji mafu hutowaona. Chagua saa moja, hali moja ya maji, tundu la wavu lilelile, na uende kila mwezi hata kama mvua inakunyeshea, hasa kama mvua inakunyeshea. Funga na kipimo cha maji yanayopita mdomoni mwa wavu, bila hicho hujui umechuja maji kiasi gani na namba zako hazilingani na za mtu yeyote.

Na kabla hujashuka kwenye mtumbwi kaa na wavuvi wa pale Tudor uwaulize maleleji, zile pepo za kubadili msimu, ya mwaka huu yalianza lini, maana kalenda ya ukutani inasema Aprili lakini upepo una tarehe zake.

Assalamu alaykum. Nipo Muscat, familia yetu ilitoka Unguja. Siku hizi msimu wa baridi, Januari Februari hivi, bahari huku inageuka kijani kama rangi na usiku mawimbi yanawaka buluu. Wazee wanasema zamani haikuwa hivi. Ni sumu?
*Msomaji, Muscat*

Waalaikum salaam ndugu yangu. Wazee wameona sawasawa. Kinachowaka ni Noctiluca, kiumbe cha seli moja lakini kikubwa kiasi cha kuonekana kwa macho kama punje ya sagu, ukikitikisa kinatoa mwanga. Cha huko kwenu kina mimea midogo ya kijani inayoishi ndani ya mwili wake, kwa hiyo kinakula kama mnyama na kinapata chakula cha jua kama mmea, pande zote mbili. Kila msimu wa baridi upepo wa kaskazi unapoza maji ya juu, yanakuwa mazito yanazama, ya chini yenye mbolea yanapanda. Zamani mbolea hiyo ilikuwa inaliwa na vimea vyenye ganda la kioo, kopepodi wakala vimea, samaki wakala kopepodi. Toka miaka ya 2000 mwanzoni huyu wa kijani ndo ameshika nafasi, na watafiti wamemhusisha na maji yenye oksijeni kidogo kupanda juu, hali ambayo yeye anaivumilia kuliko wale.

Hatoi sumu kama ile ya kwenye chaza mbaya, lakini akijaa sana na kuanza kufa maji yanakosa hewa na samaki wa karibu na ufukwe wanaweza kufa. Tabu kubwa ni ya mlo, maana kopepodi wengi hawawezi kumla, ni mkubwa kwao, anayemla ni konyeza, na konyeza hawamshibishi jodari. Tena konyeza hao wakijaa wanaziba mabomba ya mitambo ya kusafisha maji ya chumvi, hilo nadhani mmeshalionja huko.

Nikuambie na upande wa pili wa bahari hiyohiyo. Kusi ikivuma pwani ya Somalia na Dhofar kusini mwa Oman, upepo unasukuma maji ya juu kwenda nje na maji ya baridi yanapanda, bahari inajaa chakula. Kuna kopepodi mmoja, Calanoides, anaijua saa hiyo. Miezi ya kaskazi chakula kikiwa kidogo anashuka zaidi ya mita 500, gizani, hali wala hazai, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Kusi ikirudi anapanda na maji yaleyale ya baridi na kuanza kutaga.