Kigeuze Kwanza: Mapenzi Yangu ya Viatu vya Kifahari Hapa Dodoma

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa kazini alinifuata mezani na simu mkononi. Alikuwa ameona mchuchumio mweusi wenye soli nyekundu, bei shilingi laki mbili na nusu, na muuzaji anaapa ni orijino. "Dada, ninunue?" Nilimwomba asubiri, maana jibu langu ni refu na nimelilipia. Naliandika hapa ili na wengine wenye ugonjwa wetu walipate.

Napenda viatu, na silioni hilo kuwa jambo la kuficha. Mapenzi haya niliyapata kwa baba. Alikuwa mwalimu wilaya ya Kondoa, na viatu vyake vya ngozi vilikuwa jozi moja tu. Kila Jumapili jioni alitandika gazeti barazani, akavifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, akaviacha vikauke, ndipo akapaka kiwi na kupiga brashi. Sisi watoto tuliruhusiwa kuvibeba, lakini kwa kushika kisiginoni, ili vidole visiache alama. Jozi ile ilibadilishwa soli mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na mpaka anastaafu ilikuwa bado inaingia darasani.

Mwaka 2019 nilihamishiwa Dodoma kutoka Dar es Salaam, kipindi kile ofisi nyingi za Serikali zilipokuwa zikija huku. Nikataka kuingia ofisi mpya na kiatu cha ndoto yangu. Nilimtumia muuzaji mmoja wa mtandaoni shilingi 380,000, nikaletewa boksi zuri na mfuko wa kitambaa, na ndani yake soli nyekundu iking'aa.

Soli hiyo ina historia yake. Mbunifu wa viatu Mfaransa, Christian Louboutin, alifungua duka lake la kwanza Paris mwaka 1991. Miaka michache baadaye, inasimuliwa, alitazama kiatu cha mfano akaona kimepungukiwa kitu, akachukua rangi ya kucha ya msaidizi wake na kuipaka chini. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa nchini Marekani ilikubali kwamba soli nyekundu ni alama yake ya biashara, isipokuwa pale kiatu chote kinapokuwa chekundu. Viatu vyake vipya vya kisigino kirefu huuzwa zaidi ya euro 500. Nilikuwa nayajua hayo yote. Shilingi 380,000 haikaribii hata kidogo bei hiyo; hesabu ilinikataa, nami nikaikataa hesabu.

Ilikuwa Oktoba. Wanaoishi Dodoma wanaijua Oktoba: kiangazi kimekaza, upepo unasukuma vumbi jekundu mpaka ndani ya makabati, na saa saba mchana lami inachoma. Wiki ya pili ya kuvivaa, natoka kituo cha daladala kwenda ofisini, gundi ikalegea. Kiatu cha kulia kikaachama mdomo. Kwenye mpasuko ule niliona kwamba chini ya rangi nyekundu palikuwa na karatasi ngumu.

Nilivipeleka kwa fundi viatu, mzee anayekaa chini ya mwarobaini karibu na soko la Majengo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Lete nione."

Hakuutazama uso wa kiatu hata kidogo. Alikigeuza, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa soli, akakikunja, akakinusa. Kisha akanirudishia. "Hiki sina pa kushona. Hakina ngozi, hakina chuma, kimebandikwa tu. Siku nyingine kabla hujatoa hela, kigeuze kwanza."

Nilirudi kwake mara nyingi baada ya hapo, nikikaa kwenye benchi na kuangalia anavyofungua viatu vya watu. Niliyojifunza pale yamenifaa kuliko picha zote za mitindo nilizowahi kutazama.

Anza na chuma. Kiatu cha kisigino kirefu kilichotengenezwa vizuri kina kipande kigumu kimelazwa katikati, chini ya upinde wa unyayo, mara nyingi cha chuma. Ndicho kinachobeba uzito wako. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha ya kiatu kwa mwingine, kisha sukuma. Kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia tu. Kikikunjika katikati, kirudishe rafuni, hata kama kimeandikwa jina gani, kwa sababu mgongo wako ndio utakaofanya kazi ya kile chuma.

Hapa huwa namkumbuka fundi viatu Salvatore Ferragamo, na namkumbuka kwa heshima. Alizaliwa mwaka 1898 kijijini Bonito, kusini mwa Italia, akaenda Marekani akiwa kijana, akawatengenezea viatu waigizaji wa filamu. Viatu vyake vilipendwa, lakini alisumbuliwa na swali kwa nini viatu vizuri vinaumiza, mpaka akaenda chuo kikuu kusoma maumbile ya mwili wa binadamu. Huko ndiko alikoelewa uzito unavyoangukia upinde wa mguu. Alirudi Italia mwaka 1927 akaanzisha karakana Florence. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 ikawekewa vikwazo, na chuma kizuri cha kuweka ndani ya viatu kikaadimika. Akajaza nafasi yote iliyo chini ya upinde wa unyayo, toka kisiginoni hadi mbele, kwa magome ya mti, yaleyale ya vizibo vya chupa, na ndivyo kisigino cha kabari kilivyoenea duniani. Kila ninapoona akina mama kanisani na viatu vya kabari, naona jibu la fundi aliyekosa chuma.

Baada ya chuma, tazama ngozi. Ngozi halisi ina vinyweleo visivyolingana, na ukiibonyeza kwa kidole inafanya mikunjo midogo inayotawanyika. Ngozi bandia ina mchoro uleule kila mahali. Halafu nusa. Gundi kali ikikupiga puani, hiyo ndiyo inayoshikilia kiatu chote.

Kwa mkono huo uliofunzwa nilikwenda soko la Sabasaba, hapa Dodoma, Jumamosi moja, asubuhi ya kufungua belo la mitumba. Kwenye lundo nikaona kiatu cheusi cha kisigino kifupi chenye fundo la utepe mbele, kimefubaa, na mwenzake yuko mbali chini ya raba za watoto. Nikavigeuza. Soli ya ngozi, mhuri wa Italia, na ndani namba 7 ikifuatwa na herufi C, maana Ferragamo huandika na upana wa mguu, si urefu peke yake. Ulikuwa mtindo wa Vara, uliobuniwa na binti yake Fiamma mwaka 1978. Muuzaji alitaja 25,000, tukaelewana 20,000. Mzee wa Majengo alibandika raba nyembamba chini ya soli ili changarawe zisiile ngozi, akabadilisha visigino, nami nikavipaka kiwi kama baba. Navivaa mpaka leo.

Sisemi kila belo lina Ferragamo. Nimerudi mikono mitupu Jumamosi nyingi, na siku kama hizo usinunue kitu cha kufutia machozi. Nasema mwenye jicho la soli hupata asichokipata mwenye jicho la nembo. Ukitaka kipya, nenda na jaribio lilelile: nimegeuza viatu vya ngozi vya kiwanda cha Karanga, Moshi, na mkono wangu ukaridhika navyo kuliko kopi yoyote ya Ulaya. Sisi watu wa Kanda ya Kati tumekulia katikati ya ng'ombe. Inanifurahisha kuona ngozi inashonwa hapahapa nchini.

Kuhusu kipimo, jaribu viatu alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kutembea. Kiatu cha asubuhi kinadanganya. Na namba za Ulaya hupishana kwa milimita 6 na ushee tu, kwa hiyo 38 ya kalibu hii (umbo la mguu ambalo kiatu hushonewa) inaweza kuwa 39 ya kalibu ile. Usiagize kwa namba peke yake.

Lililobaki ni kuvilinda na mji huu. Vumbi letu likichanganyika na jasho na kiwi huwa kama msasa, hivyo futa kabla ya kupaka, siku zote. Usiache viatu ndani ya gari juani. Usivae jozi ileile siku mbili mfululizo, maana ngozi inahitaji siku nzima kukauka jasho. Mimi hujaza magazeti ndani yake visinyong'onyee. Ngozi ya manyoya laini (suede), ile inayokamata vumbi kama blanketi, isubiri mvua za kwanza zikishatuliza ardhi, na hata hapo iwe ya ukumbini. Kutoka nyumbani Nkuhungu hadi kazini natembea na raba, viatu vyangu viko kwenye mfuko wa kitambaa, navaa nikifika. Yule muuzaji alinipa kitu kimoja cha kweli, mfuko ule, na bado nautumia.

Jambo moja linawakuta wengi: viatu vyenye soli nyepesi za povu vinavyotunzwa kabatini miaka kwa ajili ya sherehe. Povu lile hufumuka polepole hata bila kuvaliwa, kwa unyevu wa hewa, na siku ya harusi linamwagika ukumbini kama makombo ya mkate. Soli ya namna hiyo ivae. Kuitunza ni kuipoteza.

Mdogo wangu nilimjibu jioni ileile kwamba asinunue. Hiyo laki mbili na nusu aiweke, aje Jumamosi saa moja asubuhi twende Sabasaba, kisha nimpeleke kwa mzee akakae naye saa nzima kwenye benchi. Amekubali, ila ameuliza avae nini. Nimemwambia raba.