Monita haina kosa, acheni kuisingizia

Meseji za wiki hii karibu zote zinalia kitu kimoja, gemu likinoga tu kioo kinazima. Nimechukua chache, zilizobaki zinafanana mno.

Fundi, monita yangu inazima nikicheza gemu, shida ni nini?

Sijui. Na kwa meseji hiyo hakuna atakayejua mkuu. Kompyuta gani, kadi gani ya picha, pawa saplai (lile boksi la umeme ndani ya keisi) ya wati ngapi, kebo gani? Na zaidi ya yote, ikizima sauti inaendelea au inakata? Hilo la sauti watu hawalisemi kabisa na ndo nusu ya jibu. Ukisikia bado unapigwa risasi huko gizani basi kompyuta iko hai, shuku kebo, monita au draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Sauti ikikwama inatoa brrrr halafu feni za kadi zinavuma kama zinataka kupaa, kadi imegoma, na hapo mara nyingi ni umeme au joto. Mashine nzima ikijizima na kujiwasha, anza na pawa saplai. Nshaandika haya, na najua kesho itakuja meseji ile ile.

Shikamoo fundi. Nina Dell OptiPlex 9020 ile ndefu ya mtumba, i7-4770, pawa saplai ni ile ile ya wati 290. Nimeweka kadi ya RX 580 kwa adapta ya kutoka SATA (plagi ya umeme wa diski) kwenda pini 8. Kwenye GTA V baada ya dakika kama kumi monita inaandika no signal, feni zinapiga kelele, sauti inakwama. Fundi wa mtaani kasema ninunue monita mpya.

Marahaba mdogo wangu. Huyo fundi bila shaka ana monita anauza.

Piga hesabu hata bila kufungua keisi. RX 580 imepangiwa wati 185, prosesa yako 84, bado ubao, diski na feni, na mzigo wote huo unataka ubebwe na pawa saplai iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa Excel. Ukiwa unafungua mafaili tu huoni shida, ila gemu likianza kadi inavuta umeme kwa kushtukiza, volti inadondoka, kadi inazirai na monita haipokei kitu. Imeandika no signal kwa sababu kweli hakuna signali, we unampiga mjumbe.

Ila kinachonitisha zaidi ni hiyo adapta. Tundu la pini 8 limepangiwa wati 150, wakati plagi moja ya SATA kwenye laini ya volti 12 mwisho wake ni ampea 4.5, yaani wati 54. Toka kwenye gemu, zima, chomoa ukutani, halafu iguse. Ikiwa ya moto, au plastiki nyeupe imeanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa karibu na pini, itoe leo. Nimeziona zilizoyeyuka zikagandana na waya, hazitoki mpaka ukate.

Ukishapata njia salama ya kuipa kadi umeme, hata kwa kuazima pawa saplai ya jamaa, jaribu gemu lile lile. Ikitulia basi, usinunue kingine. Chukua pawa saplai ya kueleweka ya wati 500 au zaidi, na kumbuka ubao wa 9020 hauna tundu la pini 24, una lake la pini 8, kwa hiyo nunua na adapta ya 24 kwenda 8, wengi wanafika nyumbani ndo wanashangaa. Hela haitoshi? Uza RX, tafuta GTX 1650 ile isiyo na tundu la waya, inakula wati 75 na zote inazipata kwenye sloti.

Halafu RX 580 za mtumba zilimwagwa sokoni Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, ilipoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022. Muulize aliyekuuzia ilikuwa inafanya kazi gani, na ubadilishe pesti ya kupitisha joto hata kama anaapa.

Kioo kinakuwa cheusi, sauti ipo, nikimulika tochi naona picha kwa mbali. Ni kadi?

Hapana, ni taa za nyuma za kioo. Hapa ndo monita ina kosa kweli.

Monita yangu ni 1440p 144Hz. Nje ya gemu iko poa, nikiingia inazima sekunde mbili inarudi, inazima tena. Natumia HDMI iliyokuja na king'amuzi.

Dada, umejijibu mwenyewe. King'amuzi hakina habari na 144Hz, yaani kubadili picha mara 144 kwa sekunde. Nenda kwenye settings za Windows uangalie, nakuhakikishia huko uko 60Hz, gemu ndo linalazimisha 144 na kebo inashindwa. Weka 144 huko huko Windows, ikianza kukatika bila gemu lolote basi ni kebo, shusha 120 uone. HDMI 1.4 mwisho wake ni gigabiti 10.2 kwa sekunde, 2.0 ni 18, na monita yako inataka hiyo ya pili. Bora DisplayPort, isizidi mita mbili. Dhahabu kwenye plagi ni urembo.

Niko Dodoma. Nikiinuka kwenye kiti cha gemu monita inazima kidogo. Wife anasema ni jini.

Ni kiti. Vile vya kupanda na kushuka kwa gesi vinatoa umeme tuli, kebo mbovu inaudaka. Badilisha kebo, sogeza kiti.

Pawa saplai yangu imekuja na keisi, imeandikwa wati 600. Inatosha RTX 3060?

Nani kaandika? Geuza usome stika, tafuta ampea za +12V. Ikisema 18A, zidisha kwa 12, unapata 216, hizo 600 ni jina tu. RTX 3060 peke yake ni 170. Watu wananunua kadi ya laki kadhaa wanaiunganisha na boksi jepesi kama halina kitu ndani, halafu wananitumia picha ya monita.

Sauti inaendelea, kioo kinarudi chenyewe. Event Viewer ya Windows inaonyesha kosa namba 4101. YouTube wanasema niongeze TdrDelay, ule muda Windows inaoisubiri draiva.

Angalau wewe umeangalia, asante. 4101 maana yake draiva iligoma, Windows ikasubiri sekunde 2 ikaiwasha upya. Kuongeza huo muda ni kukubali kukaa gizani zaidi, tatizo liko pale pale. Toa overclock yote (kuikimbiza kadi kupita kiwango chake), hata ile ya kiwandani, futa draiva kwa DDU, programu ya kufutia draiva, ukiwa Safe Mode na intaneti imezimwa, weka toleo la nyuma kidogo. Ikirudia, nitumie joto la kadi na kiwango cha ampea za +12V kwenye stika ya pawa saplai. Siyo picha ya monita.