Ujuzi unaolipa leo na utakaokufaa mambo yakiharibika: naongea nikiwa Kasulu

Mleta mada ameuliza hivi, kwa ufupi: ana miaka ishirini na kitu, kasoma kompyuta, ajira hakuna, ana hela kidogo aliyotenga kwa ada. Anataka ujuzi mmoja utakaompa kazi sasa hivi na usiomtupa siku nchi ikichafuka, iwe kwa vita, uchumi kuanguka au umeme kuzimika moja kwa moja. Wengi mmemwambia alime. Wengine ajifunze silaha. Mmoja kasema abaki na kompyuta yake maana dunia hairudi nyuma.

Mimi ni fundi bomba, nipo Kasulu mkoani Kigoma, na miaka mingi nimefanya kazi za maji kwenye kambi za wakimbizi na vijijini. Mkuu, sisi wa Kigoma swali lako hatulijibu kwa kubuni. Watu ambao nchi ziliwavunjikia mikononi tumewapokea hapa hapa: Warundi 1972, tena 1993, Wakongo 1996 ndipo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa, kisha Warundi tena 2015. Ukitaka kujua ujuzi gani unabaki na thamani serikali ikiyumba, achana na filamu. Angalia mtu aliyevuka mpaka wa Manyovu au aliyeshuka kwenye boti anafanya nini ili apate hela ya kwanza.

Cha kwanza utakachokiona ni kwamba watu wanahama, na hapo ndipo ushauri wa kulima unapoyumba. Silidharau jembe, hata mimi nina maharage yangu, lakini shamba halibebeki. Warundi wa 1972 walibahatika. Walipelekwa Ulyankulu kule Tabora, wengine Katumba na Mishamo, wakapewa ardhi, wakalima mpaka wakajilisha wenyewe, na kufikia 2014 zaidi ya laki moja na nusu wakapewa uraia. Waliokuja baadaye walikuta utaratibu ni wa kambi. Mtu aliyeacha kahawa yake imestawi anapanga foleni ya mgao nyuma ya mtu ambaye hajawahi kushika jembe, na mgao wao ni ule ule. Sehemu ya kulima ni kibustani cha mchicha ubavuni mwa nyumba. Kwa hiyo kulima ujue, sawa, ila kinga yako isiwe hiyo peke yake.

Silaha sitaijadili sana. Anayevuka nayo ananyang'anywa mpakani, na akijulikana ni mpiganaji anatengwa na raia. Na leo hii itakuajiri nani zaidi ya kampuni ya ulinzi?

Sasa nikupe mtu mmoja. Mama wa Kirundi alifika na mtoto mgongoni, na mkononi mzigo uliofungwa kwa kitenge. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha cherehani. Meza, miguu ya chuma na pedeli aliviacha huko alikotoka. Kichwa peke yake ni chuma kitupu, kizito kweli kweli, na mwenyewe aliniambia aliona heri aache sufuria. Akampata seremala, akachongewa ubao wa kukikalisha, akawa anazungusha gurudumu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unaongoza kitambaa. Polepole, lakini mshono ulinyooka. Alianza na kupunguza nguo za mitumba, watoto wa jirani wakapata sare, na suruali yangu ya kazi niliyoichana kwenye mtaro ilipita mikononi mwake. Sindano na uzi vilitoka Kasulu mjini. Vinyozi nao walianza mapema, na mafundi simu wenye sola ndogo ya kuchajia wateja.

Kwa watu hao nilijitengenezea kipimo changu. Vifaa vya kazi vinaingia kwenye begi? Malighafi yake inatoka mbali kiasi gani? Na maskini anakulipa kwa kazi hiyo leo, mwezi huu, akiwa na buku mbili mfukoni? Hilo la tatu ndilo vijana mnalisahau. Mnachagua ujuzi wa siku ya kiama, halafu mnakaa miaka bila mteja, na mkono usiofanya kazi unasahau.

La malighafi nalo lina mitego. Sabuni, kwa mfano. Kigoma mawese tunayo, kwa hiyo mtu anaona sabuni ni kazi ya nyumbani kabisa. Lakini sabuni ya mche inahitaji magadi makali ya dukani, yaani kostiki soda, na hayo husafiri kutoka mbali. Barabara ikifungwa una mawese matupu. Kuna njia ya zamani ya kuchuja majivu, ya migomba hasa, ukachemsha maji yake na mafuta. Inafua, ila haigandi ikawa mche, inabaki laini. Mtengeneza sabuni anayeijua njia hiyo yuko mbele ya mwenzake. Wazee waliofulia majani ya mpapai miaka ile ya shida baada ya vita vya Kagera wanaelewa ninachosema.

Sasa nije kwenye maji, na hapa nitavutia upande wangu, mnivumilie.

Mei 2015, Kagunga. Ni kijiji cha mwambao kaskazini, karibu na mpaka wa Burundi, kimebanwa kati ya ziwa na mlima. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia walijikuta kwenye ule ufukwe. Gati hakuna, hivyo meli ya MV Liemba ilikaa mbali kidogo, watu wakafikishwa kwake kwa boti ndogo, nayo ikawachukua kama mia sita kila safari mpaka Kigoma mjini, wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi kwenda Nyarugusu. Waliobaki ufukweni wakisubiri zamu walikunywa maji ya ziwa, na choo chao kilikuwa ziwa hilo hilo. Kipindupindu kikaingia. Wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu na waliofariki kwa makumi. Katikati ya hali ile hakuna aliyeuliza nani ana digrii. Walitafutwa watu wanaojua kuchimba choo mahali panapostahili, kutibu maji, na kumnywesha anayeharisha: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visirundikwe.

Kutibu maji watu wanadhani ni kumwaga dawa. Siyo. Maji yakiwa na tope, klorini inaliwa na lile tope na vijidudu vinapona. Kwanza uyatulize, kwa shabu kama unayo, ndipo utie dawa, usubiri nusu saa, halafu upime. Unadondosha kidonge kwenye kichupa cha maji kutoka bombani, yakigeuka rangi ya waridi klorini imebaki, unalinganisha na kadi. Tunatafuta miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita pale mtu anapochotea, na kukiwa na mlipuko hatushuki chini ya 0.5. Kichupa kikibaki cheupe unafunga koki, hata kama foleni ya ndoo inakuzomea. Na klorini ya unga ikiachwa wazi inapoteza nguvu, kwa hiyo kipimo cha jana hakiwezi kuwa cha leo kila mara.

Dawa ikiisha kabisa? Ndiyo maana nasema ujue sababu, usikariri hatua tu. Anayejua kwamba kazi ni kuua vijidudu atachemsha. Kuni zikiwa shida atajaza maji maangavu kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, azilaze juani saa sita, na kukiwa na mawingu siku mbili. Atajenga chujio la mchanga. Aliyefundishwa "tia kifuniko kimoja kwa ndoo" atakwama siku kifuniko kimeisha.

Ufundi wenyewe ndiyo hivyo hivyo. Kuna kijiji kimoja pampu ya mkono ilikufa, mpira wa pistoni umeliwa, na kipuri hakipo Kasulu wala Kigoma. Mzee tuliyekuwa naye akakata duara kwenye ngozi ya ng'ombe, akailoweka kwenye mawese usiku kucha, asubuhi akaifinyanga ndani ya kopo mpaka ikawa na umbo la kikombe, akaifunga kwenye pistoni. Maji yakapanda. Hazidumu kama mpira, zinabadilishwa mara kwa mara, ila kijiji kilikunywa. Liemba yenyewe hiyo iko kwa sababu ya akili za namna hii: Wajerumani walipoizamisha 1916, mafundi walizipaka injini grisi kwanza. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini.

Nyanda za juu za Kasulu na Buhigwe tuna maji ya mserereko. Chanzo kiko juu, bomba linateremka, tenki, vituo vya kuchotea. Hakuna mota, hakuna luku. Ukijua kupima mteremko, kuweka valvu ya hewa kileleni pale bomba linapovuka kilima, na kusafisha chanzo baada ya mvua, mradi unaenda gridi iwepo isiwepo. Sola nayo naipenda, ila kwa jinsi yake: paneli inadumu zaidi ya miaka ishirini, betri ni michache tu. Kwa hiyo pampu ya sola isukume maji mchana kwenye tenki lililo juu, usiku yashuke yenyewe. Hapo betri huihitaji.

Na soko la leo? Lipo. RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ilianzishwa 2019, na vyombo vya watumia maji vijijini vinahitaji mafundi. Nyumba zinajengwa kila siku, na kila nyumba inataka choo cha ndani. Sitakudanganya kwamba inalipa kama kazi ya bandarini. Kuna wakandarasi wanaokuzungusha na hela yako mpaka unachoka, mmoja mpaka leo hapokei simu yangu. Lakini njaa kali sijalala nayo.

Halafu kuna kitu ambacho hakuna aliyekitaja humu: daftari. Miradi mingi ya vijiji niliyoiona imekufa, bomba zilikuwa nzima. Kilichokufa ni hesabu ya makusanyo. Hela ya ndoo haikuandikwa, watu wakaacha kuaminiana, koki ilipovunjika hakuna aliyechanga. Anayejua kutunza hesabu mbele ya macho ya watu na kuisoma mkutanoni ana kazi leo, na nchi ikivurugika atakuwa wa kwanza kupewa funguo za tenki. Kiswahili fasaha na lugha ya majirani vinaingia hapo hapo. Mimi Kiha changu kilinifikisha mbali, maana mimi na Mrundi tunaelewana bila mkalimani, na mgomvi wa kwenye foleni hutulia akisemeshwa kwa lugha ya mama yake.

Kwa hiyo wewe wa kompyuta, usiitupe. Mita za maji za malipo ya kabla zinaingia vijijini, na mafundi bomba wengi wa umri wangu tukizifungua tunatazamana tu. Kijana anayeweza kushika spana asubuhi na kurekebisha mita jioni simjui hata mmoja wilayani kwetu.

Hela yako usiimalizie yote kwenye ada. Tenga ya spana kubwa ya bomba mbili, maana moja inashika na nyingine inazungusha, msumeno wa chuma, futi kamba na tepu za bomba. Tafuta fundi mwenye kazi, mbebee mabomba, uchimbe mitaro yake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti, kwa hiyo hata ukianzia kwenye mtaro cheti utakifikia. Huku kwetu njoo kiangazi, Juni hadi Septemba, ndipo uchimbaji umechanganya. Mvua zikishaanza mitaro inajaa tope, kazi zinapungua, na fundi hana muda wa kumlisha mwanafunzi.